Chaki ya Festus

Msimu wa mavuno, Festus Wakoli huzunguka viunga vya Kitale na trekta lake, likikokota mashine ya kupukuchua mahindi. Miaka kumi na tisa sasa. Jumapili baada ya kanisa anapita na chaki, anakuandikia namba kwenye geti, na hiyo ndiyo zamu yako.

Ni mtu mzuri, hilo halina ubishi, ila mdomo wake mezani hauna breki. Akila ugali na bintiye Ivy, aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hadi leo hana kazi, huwateta majirani ambao wazazi wao walitoka Nyeri. "Hawa ni wageni bana. Iko siku watafunga virago." Kesho yake utamkuta kwao, anakunywa chai na kucheka. Kwake yalikuwa maneno ya kushushia mboga tu.

Jumatatu moja, kampeni zikiwa zimepamba moto, mjane Wangui, mmoja wa hao wa Nyeri, alimsimamisha barabarani akiwa na furaha tele.

"Baba Ivy, asante! Umeniweka namba saba. Nimeanika mahindi yote, imekauka vizuri."

Festus hakuwa ameandika geti lolote. Trekta lilikuwa gereji Bungoma wiki nzima. Akaitazama ile saba. Ilikuwa imekatwa katikati kwa kistari, vile alivyomfundisha Ivy kuandika akiwa darasa la kwanza. Akaenda kwa Kinyua, naye wa Nyeri, akakuta namba tatu. Kwa Ngige, wa Nyeri pia, tano. Kwa Walubengo, Mbukusu mwenzake, geti lilikuwa safi.

Nyumbani alimkuta Ivy akipiga pasi fulana ya kikundi chao cha vijana, kile kinachoitwa kwa mheshimiwa mgombea kila Jumamosi.

"Ivy, hizo namba ni za nini?"

"Si ni wewe ulisema, Baba? Ati iko siku. Sisi tumeandika tu mahali pa kuanzia."

"Mimi nilikuwa naongea tu!"

"Na mimi nilikuwa nasikiza." Akageuza fulana, akaendelea na pasi.

Festus alichukua ndoo na kitambaa, akafuta kila geti lililoandikwa mchana kweupe, huku vijana wa bodaboda wakimtazama bila salamu. Kwa Wangui aliogopa, na hakuficha.

"Mama, enda kwa dada yako Nakuru. Leo."

"Na mahindi yangu?"

"Mahindi wacha."

Wangui aliacha kutabasamu.

Asubuhi Festus alipofungua geti lake mwenyewe, alikuta limeandikwa namba moja. Chaki ilikuwa yake, na mwandiko aliujua.