Damu ya Dada Sofa

Mtaa mzima ulimwita Dada Sofa, maana hakuna kiti kilichochakaa alichoshindwa kukirudishia ujana. Hata figo zilipomfia, alikuwa akitoka kusafishwa damu kwa mashine, anapumzika kidogo, kisha anarudi karakanani kugongelea misumari. Kilichomshinda ni pumzi. Nyundo ilimlemea, midomo ikampauka.

"Figo ndizo hutoa homoni inayouamuru uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu," muuguzi alimweleza. "Zako zimenyamaza. Sindano hii itatoa amri badala yake."

Kweli, sindano ilimwinua. Vichupa vya dawa akaviweka kwenye friji, akawa anajidunga mwenyewe, na kazini nyimbo zikarudi. Halafu nguvu zikamkimbia tena. Muuguzi akapima damu, akaguna, akaongeza dozi. Wapi.

Siku moja kizunguzungu kilimrudisha nyumbani mapema. Jikoni akamwona mdogo wake, mwendesha baiskeli wa mashindano aliyemlea tangu mama yao afariki, akifyonza dawa kwenye kichupa kwa sindano na kujaza maji mahali pake. Kijana alikuwa amempa mgongo. Dada Sofa akarudi nyuma taratibu, akaketi kibarazani. Dawa ya kuongeza damu humpa mkimbiza baiskeli pumzi za ziada; sasa akaelewa ule ushindi wa mfululizo wa mdogo wake aliokuwa akiupigia makofi huku miguu ikimtetemeka.

Hakumgombeza. Alichukua dawa mpya hospitali, akaihifadhi kwa jirani, vichupa vya zamani akaviacha kwenye friji kijana asishtuke. Kisha akawaendea waamuzi wa mashindano, akawasimulia yote.

"Mkimpima kabla ya mbio atatoroka," akawaambia. "Mwacheni ashinde kwanza."

Akashinda. Medali ikiwa bado shingoni, wakamwita kupimwa. Majibu yalipotoka akavuliwa ushindi wote na kufungiwa asishindane tena. Nyumbani akakuta nguo zake zimetolewa nje, akaja karakanani macho yamemvimba.

"Dada, umenimaliza."

"Ulianza wewe."

"Nilijua watakuongezea dozi. Sikudhani utaumia."

"Nilikuwa napanda ngazi kwa kutambaa, mdogo wangu. Ulikuwa unaniona."

Kijana akalia, akaomba arudi nyumbani. Dada Sofa akamwonyesha mlango kwa nyundo. Shangazi yao akaja kusuluhisha. Akapewa chai, jibu hakupewa.

Damu ilipanda polepole, na mkono ukapata nguvu. Siku alipoweza kukaza ngozi ya kiti bila kuhema, alitoka uani, akaichuna ngozi ya tandiko la ile baiskeli ya mbio aliyoiacha mdogo wake, akaitia kiraka kwenye kiti cha mteja. Ilikaa vizuri sana.