Ngurumo Nyuma ya Ukuta wa Jirani

Nilimkosea mtu aliyemwokoa ndugu yangu. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia bure. Jina langu silisemi, na majina ya wengine nimeyabadilisha, ila yaliyotokea ni haya haya.

Ilikuwa Makambako, miaka ile ya ruksa, kila mtu anafungua biashara. Marehemu mume wangu aliniachia mashine ya kukoboa na kusaga mahindi. Mdogo wangu Festo alitoka nyumbani kwetu Njombe, pale Mjimwema, akaja kuiendesha. Ukuta kwa ukuta na sisi kulikuwa na mashine ya Baba Zuhura, Mwislamu aliyehamia kutoka Kondoa, mwenye lori kuukuu la kusomba magunia.

Mgao wa umeme ulikuwa umetuchosha. Siku moja bwana wa ofisi ya umeme akatuita wenye mashine wote. "Tukubaliane," akasema. "Ninyi zimeni mashine jioni, saa ambazo watu wanawasha taa na kupika, na mimi mchana siwakatii." Tukafurahi. Akaongeza, "Ila ni marufuku kuwasha jenereta ya dizeli saa hizo. Kuzima ni kuzima. Mmoja akizima na mwingine akahamia kwenye dizeli, huyo wa pili atawanyang'anya wenzake wateja, na moshi watavuta majirani. Nikimkamata mtu, namtoa kwenye mpango."

Tulikubali wote. Mimi nilikuwa na jenereta chumba cha nyuma, nikaifunika turubai.

Haikuchukua muda nikaanza kusikia ngurumo. Karibu kila jioni, mashine zikishazimwa, nyuma ya ukuta wa Baba Zuhura kitu kinanguruma na moshi unapanda juu. Nikamwambia Festo, "Unasikia? Huyo anakoboa."

"Dada, hilo ni lori."

"Lori gani linanguruma muda wote huo bila kwenda popote?"

Festo akanyamaza. Na kunyamaza kwake nako nikakutilia shaka. Nikahisi wanajuana hawa, labda anapewa kitu kidogo.

Nikaanza kumchunguza yule baba kama askari. Asubuhi alikuwa akinisalimia, "Kamwene, Mama Neema," kwa Kibena chake cha kuombea maji, na mimi nanusa koti lake. Linanuka dizeli. Akicheka, nasema ananicheka mimi. Asipocheka, nasema ana la kuficha. Mteja wangu akienda kwake mchana, kwangu huo ulikuwa ushahidi kwamba ameambiwa aje na jioni.

Kugonga geti lake nikamuuliza? Halikunijia hata kidogo. Nyumbani kwetu nililelewa kwamba jambo la aibu humuulizi mtu usoni. Unalisema kwa jirani yake.

Basi nikalisema. Niliwapitia wenye mashine wenzangu mmoja mmoja, kisha nikaenda ofisi ya umeme. Yule bwana alikuja mchana, akazunguka uani kwa Baba Zuhura, hakuona jenereta. Nikasema moyoni, na huyu ameshakula rushwa. Hata wake za hao wawili nilianza kuwatazama kwa jicho la pembeni.

Ndipo nikajiambia, kama wote wanaiba, kwa nini mjinga niwe mimi peke yangu? Jamani, uchoyo ukivaa nguo ya haki unapendeza sana.

Nikaivua jenereta turubai. Nilikuwa nangoja ngurumo ya jirani ianze, ndipo namwambia Festo awashe ya kwetu. Zikichanganyika, nani atajua ipi ni ipi? Mwanzoni Festo alikataa. Nikamwambia kama hataki arudi Njombe akalime viazi. Akawasha. Ili sauti isitoke nje nikaziba dirisha kwa magunia ya pumba, na yeye nikamwagiza atie komeo mlangoni.

Jioni moja ya Juni, baridi inakata masikio, nilikuwa nimekaa barazani najifanya sina kazi. Baba Zuhura akaja mbio.

"Mama Neema, mashine yako inazunguka tupu. Haina mahindi. Nani yuko ndani?"

Mwenye mashine anaujua mlio huo, na mimi ningeujua kama masikio yangu yasingekuwa kwake. Lakini unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Mashine gani?"

Hakubishana na mimi. Aliupiga mlango teke mpaka komeo likang'oka. Moshi wa jenereta ulitupiga usoni. Festo alikuwa amelala kifudifudi kando ya gunia, hajitambui. Baba Zuhura alimbeba begani, akavuka naye hadi uani kwake. Lori lilikuwa linanguruma, limejaa magunia nusu.

"Panda upesi," akaniambia. "Nikilizima haliwaki tena. Betri imekufa, na kwa baridi hii ndiyo kabisa. Ndiyo maana tunapakia likiwa linawaka."

Njia nzima hadi hospitali sikuweza kumtazama. Festo alipona, Mungu ni mwema. Asante yangu niliitoa nikiangalia sakafu.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa na nafuu. Siku mbili tatu baadaye, Festo bado kitandani, yule bwana wa umeme alikuja na wenye mashine nyuma yake. Watu walikuwa wamelalamikia moshi na mlio wa mashine jioni. Wakaenda moja kwa moja kwa Baba Zuhura, kwa sababu maneno yangu yalishawaonyesha njia. Wakakuta pipa la dizeli. Akasema ni la lori. Wakacheka.

Yule bwana akanigeukia. "Mama Neema, wewe ndiye uliyetueleza. Anawasha au hawashi?"

Baba Zuhura aliniangalia. Angeweza kusema, twendeni chumba chake cha nyuma mkaone. Hakusema. Alingoja.

Nikasema, "Mimi nilishasema."

Walimtoa kwenye mpango. Akawa anakatiwa umeme mchana wakati sisi tunasaga, wateja wakamhama, na wenzetu wakaacha kuitikia salamu yake. Mwishowe aliuza mashine. Siku anahama nilimfuata getini, nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Mdogo wako alikuwa hospitali, mama," akasema. "Sikutaka uaibike mbele za watu. Nilijua kesho yake utaenda kusema mwenyewe."

Sikwenda kesho yake. Hata baada ya maneno hayo sikwenda.

Festo ndiye aliyemsaidia kupakia vyombo. Walipomaliza, naye akapanda juu ya mizigo, wakaondoka wote. Hakuniaga. Habari zake mpaka leo nazisikia kwa watu, na mama yetu amezikwa sisi wawili tukiwa tumesimama pande mbili za kaburi.

Wewe unayesoma, ukimshuku jirani yako, mgongee umuulize, hata kama utaonekana mshamba. Na ukigundua ulikosea, nenda siku hiyo hiyo kwa wale wale uliowaambia, uyameze maneno yako mbele yao. Usingoje wakuite, na usijifariji kwamba yeye amenyamaza.

Mimi nimechelewa sana, lakini nalisema. Aliyewasha jenereta ni mimi.