Kibuyu cha Jirani

Chuo kikuu kilinituma nikaishi katika kijiji kipya huko Shinyanga, nitafute jibu la swali lililowasumbua viongozi wa wilaya. Watu wamehamishiwa kando ya barabara, nyumba zimepangwa kwa mstari, mbona mchana hazina watu?

Nilipewa nyumba ya mwisho. Nilikuwa msichana wa Dar es Salaam, Kisukuma changu kikiishia kwenye salamu. Asubuhi nilisema mwangaluka. Waliniitikia huku wakienda zao, majembe begani, kuelekea mashamba ya zamani. Baada ya hapo ni kimya mpaka alasiri, jirani yangu mjane aliporudi na maziwa na kuanza kutikisa kibuyu ili apate siagi. Niliacha kuandika nimsikilize. Mchana kutwa sikuwa na sauti nyingine ya mtu.

Kama hujawahi kufanya utafiti, usiogope. Kazi kubwa ni kukaa. Unauliza, unapewa jibu la heshima, kisha unaendelea kukaa mpaka watu wakuzoee. Jirani alianza kwa kuniambia kijiji ni kizuri. Wiki kadhaa baadaye akaniambia nimfuate.

Tulitembea mpaka kwenye makazi yake ya zamani. Nyumba ilikuwa imebomolewa, ila zizi lilikuwa bado limesimama, limezungukwa na ua wa minyaa. Akanieleza kwamba kiwanja cha barabarani hakitoshi ng'ombe, na majani yako huku. Usiku analala huku mchungaji wa kukodi peke yake, na fisi wameshachukua ndama. Sasa limetoka agizo: mvua zikianza, mifugo yote ihamie kijijini au iuzwe.

"Nikiwauza nabaki na nini?" aliuliza. "Nyumba na salamu za wapita njia?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini mkono wake haukutoka mgongoni mwa ng'ombe aliyesimama kando yake.

Niliandika hayo yote. Mwalimu wangu alipokuja kunikagua, tulikwenda pamoja kwa afisa wa wilaya, tukamweleza taratibu kwamba watu hawakikatai kijiji, wanafuata mifugo yao. Hakufurahi. Hata hivyo, baada ya kufika zizini mwenyewe, alikubali wenye ng'ombe wajenge tena huko na kulala huko.

Jirani alikuja kuniaga, godoro kichwani, kibuyu mkononi.

"Umenisemea vizuri, mwanangu. Sasa nakuacha na nani?"

Nikamwambia nitazoea. Akasema kwa kukamua nisingefaa kitu, lakini nije tu, nitakunywa maziwa.

Nilikuwa bado na miezi ya kazi mbele yangu. Alasiri ile, saa yake ya kutikisa kibuyu ilipofika, niliweka kalamu chini kama kawaida. Upepo ulikuwa unaugongagonga mlango wake, alikuwa hakuufunga vizuri. Nikatoka, nikaufunga, nikarudi ndani.