Kitambaa Cheupe Kule Bumula

Mimi na mume wangu tulikuwa tukionyesha mpira na sinema za kanisa katika viwanja vya pembeni mwa Kitale, kwa projekta na skrini kubwa ya kitambaa. Kazi yetu ilianza jua likishazama. Mchana skrini hubaki nyeupe tu, hata ufanye nini.

Kisha baba mkwe akafariki nyumbani kwao Bumula. Dada mkubwa wa mume wangu, ambaye tunaitana naye mulamwa kama wanavyoitana mashemeji wa kule, alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani. Mwajiri wake alimkataza asisafiri. Alichopewa ni ruhusa ya kuongea kidogo kwa video, adhuhuri ya siku ya mazishi.

Mama mkwe akamwita mume wangu. "Si wewe uko na ile skrini? Nataka mtoto wangu asimame hapa na wenzake."

Mume wangu akamweleza habari ya jua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe lete tu."

Tukaifunga skrini ndani ya hema kubwa, mbele, upande wa jeneza. Pande zote za hema tukaning'iniza maturubai na mablanketi tuliyoazima kwa majirani, mpaka kukawa na giza la kutosha. Tulipojaribu, picha ilionekana, hafifu, lakini sura ya mtu ungeitambua. Nikapata matumaini.

Hatukuwa tumefikiria watu. Siku ya mazishi walijaa hema, wakajaa ua wote, na walioachwa nje wakaanza kulalamika. "Ati tumekuja kuzika blanketi?" mzee mmoja alifoka. Wengine walisema joto la ndani litawaangusha akina mama. Kabla mume wangu hajafika kule nyuma, mablanketi yalikuwa yameshavutwa chini, na jua la Bumula likaingia lote.

Mulamwa alipopiga, mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, kwenye kompyuta iliyounganishwa na projekta. Kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niliyemwona. Alikuwa amesimama karibu na jokofu, amefunga leso nyeusi kichwani. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na mifupa ya shingo ilionekana.

"Mnaniona?" sauti yake ikatoka kwenye spika.

Kule mbele kitambaa kilikuwa cheupe kama shuka lililoanikwa. Watu walikitazama. Nikamwona mama mkwe ameinua uso, akipepesa macho. Halafu umati wote ukaitikia pamoja, "Tunakuona!"

Akaanza kuongea na baba yake, kwa Kibukusu, taratibu. Sikuyaelewa yote, maana mimi ni wa watu waliotoka Mkoa wa Kati wakahamia Trans-Nzoia, lakini akina mama walianza kulia. Akaniomba nigeuze kompyuta alione jeneza. Nyaya zilikuwa fupi, naye akaona migongo na miavuli tu. Mume wangu akaanza kuzichomoa ili aibebe kompyuta mpaka kwa mama yake. Alikuwa ameshaiinua mikononi pale mtu alipomwita mulamwa kwa ukali kule jikoni kwa mwajiri. Mulamwa akageuka, na picha ikakatika. Tulipiga tena na tena. Hakushika.

Tukazika.

Jioni, wageni walipopungua, mama mkwe alikuja nikiwa nakunja nyaya.

"Wewe ulimwona," alisema.

"Nilimwona, mama."

"Ako na mwili?"

Nilitaka kumdanganya. Nikamtazama alivyosimama, kanga ya mazishi bado kiunoni, nikashindwa. "Amekonda, mama. Amekonda sana."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa analijua, akaenda zake.

Mulamwa alirudi mkataba ulipokwisha, wakati wa mvua. Mimi ndiye niliyempokea kituoni Bungoma mjini, tukachukua pikipiki mpaka nyumbani. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshashuka na nyasi zimeota. Alisimama pale bila kulia. Nikaona ni vizuri nimwambie ukweli wa siku ile.

"Nilijua hamnioni," akasema. "Mliitikia haraka sana. Mtu akikuona kwanza hunyamaza, anakuangalia."

Tukaingia ndani kunywa chai.

Alikaa mpaka mahindi yakakomaa. Mwili ulianza kumrudia, akawa anacheka na mama yake jikoni, nami nikadhani ametulia. Lakini watoto wake walikuwa sekondari, na hapakuwa na kazi Bumula wala Webuye. Akatafuta mkataba mwingine. Asubuhi aliyoondoka, mama mkwe alikataa kutoka nje kumuaga. Alibaki ndani akichambua maharagwe, na nilipoingia kumwambia kwamba pikipiki imefika, alinisogezea ungo, tukachambua pamoja.