Fundi wa Friji na Mkahawa wa Parklands

Watu wa mitaa ya kitajiri ya Kilimani na Lavington waliotaka kujua wapi pa kula chakula cha Kihindi walikuwa wakimpigia simu Joash Wesonga, fundi wa friji wa miaka hamsini na mmoja, mkaazi wa Kangemi, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuketi katika mkahawa wa Kihindi hata mmoja.

Jambo hilo halikuanza kama uongo. Yeye mwenyewe akilisimulia husisitiza hapo, halafu hucheka, maana anajua kwamba kufikia mwaka wa pili lilikuwa limeshakuwa uongo mnene, wenye afya nzuri.

Wesonga alikuwa na karakana ndogo katikati ya jiji, nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, lakini kazi yake ya kumlisha ilikuwa Parklands, katika mikahawa ya Wahindi. Aliingia kwa mlango wa nyuma na mkoba wake wa vifaa, akabadilisha raba ya mlango wa friji au akajaza gesi, akatoka kwa mlango huohuo. Siku moja alikuwa Lavington akitengeneza friji ya mama mmoja aitwaye Debra, na yule mama, ili tu kupitisha wakati, akamwuliza, "Fundi, wewe unazunguka sana. Mtu akitaka kula Kihindi hapa karibu, aende wapi?"

Wesonga akafikiri. Kitu pekee alichokijua kuhusu mikahawa ile ni friji zake. Kulikuwa na mmoja ambao friji zake zilinuka kila alipozifungua, na kulikuwa na wa Mzee Jayanti, ambaye alimwita fundi hata raba ilipopasuka upana wa ukucha.

"Enda Parklands, kwa Mzee Jayanti," akasema. "Huko mambo ni safi."

Debra akaenda, akala, akafurahi, akawaambia jirani zake. Wiki mbili baadaye simu ya Wesonga ikalia, na sauti ya mwanamume asiyemjua ikauliza kama kuna mahali pazuri zaidi kwa watu kumi na wawili.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, "Ndugu, mimi ni fundi tu." Wesonga akakohoa kidogo na kuuliza, "Mnapenda pilipili kiasi gani?"

Tangu siku hiyo kichwa kikaanza kumvimba. Akiwa jikoni, amelala chini ya friji, alisoma vikaratasi vya oda za wateja vilivyobandikwa ukutani, akakariri majina: paneer, makhani, kadai. Hakujua ni nyama, mboga au dawa ya meno, lakini aliyatamka kwa kujiamini. Alianza kutoa ushauri bila kuombwa. Kanisani Kangemi aliwahi kumweleza shemasi tofauti ya naan na chapati kwa dakika ishirini, na shemasi akaandika.

Tuseme haki, kuna chakula kimoja cha Parklands alichokijua kwa ulimi wake. Kwa Mzee Jayanti mpishi mkuu alikuwa Obuya, mtu wa Siaya, mwenye moyo mkubwa na mikono mikubwa kuliko moyo. Kila Wesonga alipomaliza kazi, Obuya alimpa sahani ya wali na mchuzi mzito wa kupondwa, uliokaangiwa kitunguu saumu na jira, na dhania juu. Wesonga alikula amesimama, karibu na sinki, huku amefumba macho. Hakuwahi kuuliza jina la chakula hicho. Nyumbani alimsimulia mkewe Rael habari za mchuzi ule hadi Rael akachoka.

"Mama Ivyne, wewe hujui chakula," alikuwa akimwambia. "Wahindi wanapika. Sisi tunachemsha."

Rael alikuwa mwanamke mpole. Alichemsha alichokuwa nacho, akapakua.

Basi mwaka jana binti yao Ivyne, anayefanya kazi katika ofisi moja Kilimani, akaleta habari kwamba yeye na mwenzake wa kazini, kijana aitwaye Mwaura, wanataka kuoana. Baba yake Mwaura alikuwa ameshafariki. Aliyebaki ni mama, Mwalimu Wahu, aliyefundisha sayansikimu kwa miaka thelathini na mmoja na sasa amestaafu, akikaa Kikuyu. Kabla ya wazee kuanza kutembeleana rasmi, vijana walitaka wazazi waonane kidogo tu, wale pamoja, wazoeane.

"Tuje nyumbani?" Ivyne akauliza.

"Nyumbani kila mtu anaenda," Wesonga akasema. "Mimi nitawapeleka Parklands. Mwambie Mwalimu atakula kuku wa masala ambaye hajawahi kumwonja. Pale mimi najulikana."

Ivyne akamtazama. "Dadi, unajulikana kama nani?"

"Utaona."

Jumamosi saa saba mchana walifika, watu watano. Wesonga alikuwa amevaa suti ya kahawia aliyoolea, ambayo sasa ilifungika kwa kifungo kimoja tu. Mwalimu Wahu alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na alisalimia kila mtu kwa kumtazama machoni kwa muda mrefu, kama anayekagua daftari la mwanafunzi. Wesonga akatangulia mbele, akausukuma mlango, na akajikuta katika chumba asichokijua. Kwa miaka sita alikuwa amefanya kazi hatua kumi kutoka hapo. Hakujua kuna zulia. Hakujua kuna picha ya mto ukutani, wala kwamba unangoja kwanza mlangoni mpaka uonyeshwe meza. Akawapita watu wawili waliokuwa wakingoja, akaketi.

Mzee Jayanti, nyuma ya kaunta, akainua kichwa. Akamwona. Uso ukambadilika kwa hofu.

"Fundi! Friji imekufa tena? Nani amekuita? Mbona umepitia huku? Pita nyuma, pita nyuma!"

Chumba kizima kikageuka. Mwaura akasoma menyu kwa bidii. Rael akatazama ule mto ukutani.

"Leo nimekuja kula, Mzee," Wesonga akasema.

Aibu ikamshika Mzee Jayanti zaidi kuliko Wesonga. Alizunguka kaunta, akapeana mkono na kila mmoja, akavuta kiti cha Mwalimu, akaita weita. "Miaka sita!" akasema. "Miaka sita na sijawahi kumwona ameketi!"

Mwalimu Wahu akamgeukia Wesonga. "Lakini nilisikia unajulikana hapa."

"Najulikana," Wesonga akajibu, "upande ule mwingine."

Weita akaja na kalamu. Wesonga aliifungua menyu, akaona majina aliyokariri, na akagundua kwamba majina bila maana ni kama namba za simu za watu usiowajua. Akaifunga.

"Tuletee kuku wa masala," akasema kwa sauti ya mwenyeji. "Sahani mbili. Na ile mbuzi yenu."

Weita akamtazama, akamtazama Mzee Jayanti, akarudi kwake. "Mzee, hapa hatupiki nyama."

"Leo hamjapika?"

"Hatupiki kabisa. Hapa ni mboga pekee. Tangu kufunguliwa."

Wesonga husema kwamba katika maisha yake ameshikwa na stima kwenye nyaya mara tatu, na hakuna hata moja iliyomtembea mwilini kama sentensi ile. Friji nne. Amezifungua, amezifunga, ameingiza kichwa ndani yake kwa miaka sita. Ameona maziwa, nyanya, mafungu ya dhania, matofali meupe ya jibini. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini hakuna paja la kuku. Alidhani nyama iko katika friji nyingine, inayotengenezwa na fundi mwingine.

"Aaah," akasema.

Ivyne alikuwa ameficha uso nyuma ya menyu, na menyu ilikuwa ikitikisika. Baba mtu hakujua kama analia au anacheka. Maji yakiwa yamemfika shingoni, akaokota kitu kimoja alichokuwa na uhakika nacho.

"Basi muulize Obuya," akamwambia weita. "Mwambie ni Wesonga. Atuletee ule mchuzi wake. Yeye anajua." Akamgeukia Mwalimu. "Huu sasa, Mwalimu, huwezi kuupata kwingine. Ni upishi wao wa zamani kabisa. Nimekula miaka sita na sijachoka."

Weita akaenda. Baada ya muda mlango wa jikoni ukafunguka, na Obuya mwenyewe akatoka na bakuli kubwa mikononi na uso wa mtu asiyeelewa ameitwa kwa nini. Akaliweka katikati ya meza. Mvuke ukapanda, harufu ya jira ikaenea, na Wesonga akahisi heshima yake ikimrudia polepole.

Mwalimu Wahu akavaa miwani. Akachota kijiko, akatazama, akaonja, akatafuna mara mbili.

"Hii ni ndengu," akasema.

"Eti?"

"Ndengu, Baba Ivyne. Zimepikwa vizuri sana, lakini ni ndengu."

Wesonga akamtazama Obuya, akiomba kwa macho.

"Ni ndengu, Fundi," Obuya akasema. "Hii haiko kwa menyu. Hii ni lanchi ya wafanyakazi. Si nakupatia kila siku?"

Hapo Rael, mwanamke mpole, akaweka kijiko chake chini. Ni lazima ieleweke kwamba Wesonga alikula ndengu zenye wadudu shule ya bweni huko Busia, na siku aliyomwoa Rael alimpa sharti moja tu: ndengu zisipikwe nyumbani kwake. Kwa miaka ishirini na sita Rael, aliyezipenda tangu utoto, alikuwa akienda kuzila kwa dada yake kama mtu anayefanya dhambi.

"Baba Ivyne," akasema taratibu. "Umesema nini hapo? Miaka sita na hujachoka?"

Kilichofuata kilianza kwa Ivyne, aliyeshindwa kujizuia. Kisha Mwaura, kisha Obuya, ambaye hakujua kinachochekesha lakini hakutaka kuachwa. Rael alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha meza. Wesonga alikaa katikati yao na suti yake ya kifungo kimoja, akingoja dhoruba ipite.

Mwalimu Wahu peke yake hakucheka. Alikuwa akiendelea kula. Alipomaliza sahani ya kwanza, alivua miwani na kusema, "Baba Ivyne, nataka kukushukuru."

Wesonga akadhani hiyo ni kejeli ya walimu.

"Nina gauti," Mwalimu akaendelea. "Daktari alinikataza nyama tangu mwaka juzi. Lakini mtu anakwenda kwa watu, wamemchinjia mbuzi, atasema nini? Nakula, halafu siku tatu siwezi kuvaa kiatu. Leo nilikuja nimeshameza dawa. Ulijuaje? Ni Mwaura alikwambia?"

Mwaura akatikisa kichwa. Hata yeye hakuwa ameambiwa.

Watu wote wakamtazama Wesonga. Alikuwa amepewa sifa kwenye sinia, bila kuiomba, ikiwa bado moto. Alichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa kidogo na kutabasamu. Hata akafungua mdomo. Anakiri kwamba maneno yalikuwa tayari ulimini: kwamba aliona namna Mwalimu anavyotembea alipotoka garini, kwamba mtu wa umri wake hujua mambo haya.

Akaona Ivyne amemkazia macho. Hakuwa na hasira, alikuwa akingoja tu, jinsi alivyongoja akiwa mdogo kila baba alipoahidi kitu.

"Sikujua, Mwalimu," akasema. "Mimi nilitaka kukulisha kuku. Sikujua hapa hawapiki nyama, sikujua hizi ni ndengu, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuketi kwenye hiki kiti. Mimi hutengeneza friji zao, basi. Watu wakiniuliza wapi pa kula, nawaambia pale ambapo friji ni safi, halafu naongezea chumvi."

Mwalimu Wahu alimtazama kwa ule mtazamo wa daftari. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni, na kicheko kikamtoka, kikubwa kuliko mwili wake.

"Friji!" akasema. "Miaka thelathini na mmoja niliwafundisha watoto kwamba chakula kinaanza kwa usafi wa mahali kinapowekwa. Hakuna aliyenisikia. Kumbe kuna mmoja Kangemi!" Akasogeza bakuli upande wa Rael. "Mama Ivyne, ongeza. Wewe ndiye umedhulumiwa."

Walikula mpaka saa tisa. Mzee Jayanti aliagiza kwa niaba yao, na vikaja vyakula vyenye yale majina ya ukutani. Wesonga aliuliza kila kimoja ni nini, kwa sauti, bila aibu. Paneer, akaelezwa, ndiyo yale matofali meupe ya jibini. Mwalimu na Rael walizungumza habari za mashamba, makanisa, na watoto wasiopiga simu. Obuya akarudi mara mbili kuuliza kama kuna kilichopungua.

Walipotoka, Mwalimu akataka wapitie duka la viungo lililokuwa hatua chache barabarani, kwa sababu Rael alikuwa amemwuliza jira nzuri inauzwa wapi. Wanawake wawili wakaingia kati ya magunia ya mchele na makopo ya samli, wakinusa hiki na kile, wakabaki humo nusu saa. Wanaume na Ivyne waliachwa nje, wakiwashikia mikoba.

"Wanaongea nini huko ndani muda wote huu?" Wesonga akauliza.

Ivyne akachungulia dukani, kisha akarudi, uso wake ukiwa na furaha ambayo baba yake hakuwa ameiona hapo awali.

"Wanapanga tarehe ya harusi," akasema.