Wali wa Wifi

Mama Viti akiingia mahali popote, macho yake hutangulia kwenye viti, watu huwafikia baadaye. Si dharau, ni kazi. Anakodisha viti vya plastiki, matenti na masufuria makubwa ya shughuli, na alianza na benchi moja bovu aliloachiwa na mpangaji aliyehama bila kuaga. Akaligongea mguu, akalikodisha, akanunua la pili. Sasa banda lake limejaa hadi kwenye mabati. Mteja akija, awe na harusi au msiba, huulizwa kwanza watu wangapi na viti vinarudi lini. Pole au hongera hufuata, bei ikishakubaliwa.

Jumapili alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa la Bondeni. Parishi yao ina makanisa matatu na padre mmoja. Kanisa la Juu liko kilimani, lina kengele, jiko la kupikia na vyoo vya vigae. La Sokoni watu huingia na vikapu vyao, na kuku akilia wakati wa sala hakuna anayegeuka. La Bondeni liko chini, jirani na machimbo ya kokoto, na ukiondoa paa halina cha kujivunia. Padre huanzia Juu, akapitia Sokoni, akamalizia Bondeni kwa pikipiki, na mahubiri ni yale yale. Yakifika Bondeni yameshachoka, yamepungua nusu. Waumini wa Bondeni hawakuwahi kulalamikia hilo.

Basi Jumapili moja padre akasoma tangazo huku akitazama dari. Kanoni, msaidizi wa askofu kutoka dayosisi, anakuja kukagua parishi. Makanisa yenye watu wachache yatafungwa, na waumini wake wataunganishwa na kanisa la jirani. Hakutaja jina, wala hakuwa na haja. Bondeni ile siku walikuwa wamekaa watu wa kuhesabika, kila mmoja na benchi lake kama abiria waliogombana.

Mama Viti si mtu wa kulilia kuta. Alilipima jambo lile kama anavyopima kazi yoyote. Kuhamia Juu kuna faida: choo kizuri, kivuli, kengele ya kumwamsha mtu. Hasara ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na miguu miwili na sauti ya kwanza katika kwaya. Kanisa la Juu lilikuwa la wifi yake.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Pale Juu aliongoza Umoja wa Akina Mama, aliongoza kwaya, na ufunguo wa jiko alilala nao. Bondeni, Mama Viti ndiye aliyesema nani akae wapi na ibada ianze lini. Akihamia Juu, atakuwa mtu wa benchi la nyuma, anayeambiwa na wifi yake asimame, akae, apokee sahani. Hilo lilimkosesha usingizi kuliko habari yoyote ya kanisa kufungwa.

Tena wawili hawa walikuwa hawasemezani vizuri tangu harusi ya binti mkubwa wa Mama Viti. Wifi alijitolea kupika. Wali ulipopakuliwa, Mama Viti alionja kijiko kimoja, akaweka sahani chini, akasema mbele ya wakwe wapya kwamba wali huu haujamaliza safari, urudishwe jikoni. Wakwe walicheka. Wifi hakucheka, na hakusahau. Tangu siku hiyo salamu zao zilipitia kwa mume wa Mama Viti, fundi redio, mtu mpole aliyekula sahani mbili za wali ule na hadi leo hajatoa maoni.

Usiku huo Mama Viti alimuuliza tena, kwa mara nyingine, kama wali uliiva au haukuiva. Fundi akainama kwenye redio aliyokuwa akiifungua, akasema hii kazi inataka utulivu.

Asubuhi Mama Viti akapanda kilima.

Alimkuta wifi yake kwenye jiko la kanisa, anapiga pasi majoho ya kwaya juu ya meza ndefu. Wifi hakuinua uso. Mama Viti akavuta kiti bila kukaribishwa, akakipima kwa kiganja, akaona kimelegea, akakaa hivyo hivyo.

Alieleza shida yake kama mfanyabiashara anavyoeleza, bila machozi. Kanoni atasali Juu asubuhi. Baadaye atashuka Bondeni kwa gari, kwa barabara ya kuzunguka machimbo. Kuna njia ya mkato ya miguu. Watu wa Juu wakimaliza ibada yao, wakishuka upesi, wataweza kukaa Bondeni kabla Kanoni hajafika. Hakuwa anaomba wahame. Alikuwa anaazima, na kitu cha kuazima hurudishwa.

"Unataka kuazima waumini," wifi akasema. "Kama viti."

"Kama viti. Na nitawarudisha bila mkwaruzo."

Wifi akageuza joho, akapiga upande wa pili. Mama Viti akaanza kutoa bei. Viti vya mikono kwa ajili ya kamati yote ya Juu, bure, siku hiyo. Wifi akakung'uta joho. Na tenti. Pasi ikaendelea. Na sufuria kubwa kabisa, ile ambayo haikodishwi kwa mtu yeyote mwenye mazoea ya kukwangua.

"Viti nitavichukua," wifi akasema hatimaye. "Lakini si hiyo bei yangu. Utasimama kanisani kwako, mbele ya watu, useme wali uliiva."

Mama Viti amebishana na wenye maduka ya jumla, na madereva wa malori, na jamaa mmoja aliyetaka kurudisha tenti lenye tundu la moto akidai lilikuja hivyo. Hajawahi kukutana na bei kama hii. Akajaribu kuipunguza. Aseme hapa hapa jikoni, wawili tu? Wifi akasema joho halina masikio. Aseme kwenye mkutano wa akina mama? Wifi akasema wakwe wale walikuwa wanaume kwa wanawake. Basi aseme kwamba wali haukuwa mbichi.

"Haukuwa mbichi ni neno la wakili," wifi akasema. "Nataka uliiva."

"Uliiva kiasi."

"Uliiva. Halafu unakaa."

Mama Viti akatazama pasi ikipanda na kushuka. Akajiona kwenye benchi la nyuma, na wifi akimwashiria kwa kidole kwamba sasa tunasimama. Akakubali. Alipokuwa akishuka kilima alihisi kama mtu aliyeuza ng'ombe kwa bei ya kuku.

Sasa, siri ya mambo haya ingekaa kwa watu wawili tu ingekuwa salama. Lakini wifi alipaswa kuwaeleza watu wa kwaya kwa nini washuke bondeni juani baada ya kuimba ibada nzima, na kwaya hawakuridhika na jibu la kulisaidia kanisa jirani. Akawaambia ukweli. Kufikia katikati ya wiki habari ilikuwa imefika Sokoni, na pale mtu ananunua nyanya anapewa na habari kama nyongeza. Mama Viti atasema wali uliiva. Watu ambao hawakuwa wamekanyaga kanisani tangu ubatizo wao walianza kuuliza ibada ya Bondeni huanza saa ngapi.

Mama Viti mwenyewe hakujua ukubwa wa jambo. Siku ilipofika alikuwa Bondeni tangu mapema, anapanga. Huwa anasema kanisa halionekani tupu kwa sababu ya watu waliokosekana, linaonekana tupu kwa sababu ya viti visivyo na watu. Kwa hiyo alitoa nje mabenchi ya nyuma, akayafunika turubai, akaacha ya mbele tu. Pembeni akaweka viti vichache vya plastiki, na mbele kabisa kiti kimoja cha mikono kwa ajili ya Kanoni, vingine vikiwa vimeshapelekwa Juu kwa kamati. Mumewe akapewa kazi ya kukaa katikati ya benchi, si pembeni, na apanue mabega.

Akasimama mlangoni kungoja. Barabara ya machimbo ilikuwa na kifusi. Lori la kokoto lilikuwa limeinamia upande mmoja, limeziba njia yote, na dereva wake ameketi chini ya kivuli chake akila muwa. Hakuna gari lingepita pale. Mama Viti akafurahi: Kanoni atachelewa, watu wa kuazima watapata nafasi ya kukaa na kupangusa jasho. Akageuka kutazama njia ya mkato.

Watu walikuwa wanashuka. Walishuka kwa mstari, majoho yamekunjwa hadi magotini, na walikuwa wengi kuliko aliowaazima. Wa Juu, wa Sokoni, hata fundi wa matofali ambaye dini yake ilikuwa kulala. Na katikati ya mstari, ameshika viatu mkononi, kola nyeupe shingoni, anashuka kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga mayai, alikuwa Kanoni.

Baadaye ndipo alipopata habari yote. Gari lilikwama kwenye lile lori, Kanoni akarudi hadi penye njia ya mkato, akasema atatembea na watu, naye ni mtu wa kupenda mazungumzo. Njiani aliwauliza wanakwenda wapi. Wa kwanza alisema anakwenda kumwona shangazi mgonjwa. Wa pili anatafuta mbuzi. Wa tatu naye anatafuta mbuzi. Kanoni akashangaa parishi inavyopoteza mbuzi. Hatimaye akamfikia fundi wa matofali, ambaye hakuambiwa kwamba kuna uongo wa kusemwa, naye akajibu, "Tunakwenda kusikiliza ule wali."

Kanisa lilijaa. Mabenchi yaliyofichwa nje yalivuliwa turubai na kurudishwa ndani na watu wasioomba ruhusa, na bado wengine walisimama madirishani. Wifi aliingia mwisho, akaenda mbele moja kwa moja, akakaa kwenye kile kiti cha mikono. Kanoni akapewa cha plastiki. Ibada ikaenda vizuri, na wimbo uliimbwa kwa nguvu ambayo Bondeni haikuijua. Lakini kila mtu alikuwa anangoja matangazo.

Padre aliposimama na karatasi yake, Kanoni akamgusa mkono. Akasema kabla ya matangazo, kwa kuwa ametembea njia yote ile bila viatu, angependa naye asikie habari ya wali.

Mama Viti akasimama. Alimwona mumewe akivua miwani na kuanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi. Alijua hesabu yake. Akikataa, wifi atainuka na watu wake, na Kanoni ataona kanisa lenyewe lilivyo. Akimeza mate, ni neno moja.

"Wali wa wifi yangu," akasema, "siku ya harusi ya binti yangu, uliiva."

Akakaa. Watu wakatazamana kama waliolipia kitu na kupewa kidogo. Hakuna aliyeamini, na wengi wao walikuwepo siku ile na walikuwa wameutafuna.

Kisha kile kiti cha mikono kikalia. Wifi alikuwa amesimama. Alikuwa amelipata neno lake, alilolingoja miaka yote hiyo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua kifurushi akakuta si saizi yake.

"Baba Kanoni, hapa ni kanisani," akasema. "Haukuiva. Mvua iliingia jikoni, moto ukafa, nikaona haya kusema."

Hapo ndipo Mama Viti angepaswa kubaki amekaa. Kanisa lilikuwa limejaa, wifi amekiri kwa hiari yake, Kanoni anatabasamu. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefunga mkoba akaondoka. Lakini kuna maneno yanayomtoka mtu kama chafya.

"Niliwaambia," akasema.

Wifi akageuka polepole. Akasema kama masufuria aliyopewa siku ile yasingekuwa mepesi kama bati la sardini, wali ungehimili hata mafuriko. Mama Viti akasimama tena. Masufuria yake yamepikia maaskofu. Wifi akasema basi hao maaskofu walifunga siku hiyo. Mama Viti akasema na kile kiti alichokalia kilikuwa cha Kanoni, na kama kuna mtu ana shaka akikague kimelia kwa uzito wa nani. Watu waliokuwa madirishani waliingiza vichwa ndani. Fundi redio aliendelea kufuta miwani.

Kanoni aliwaacha kwa muda, kama mtu anayeacha chungu kichemke ajue kina nini ndani. Kisha akamwinamia padre.

"Hawa wawili," akauliza, "ndio waliokuwa waunganishwe kanisa moja?"

Padre akasema ndiyo.

Kanoni akatazama kiti cha mikono, akatazama njia ya mkato kupitia dirishani, akasimama kwenye miguu yake yenye vumbi. Akatangaza kwamba ametafakari, na kwamba kila kanisa litabaki pale lilipo. Akamgeukia padre tena, sauti chini kidogo, ingawa benchi la mbele lilisikia.

"Na ile njia ya mkato," akasema, "msiitengeneze."

Watu wa kuazima walirudi juu kabla jua halijazama. Mama Viti alibaki akikusanya viti, na hesabu haikumpendeza hata kidogo. Watu aliowalipia neno la gharama vile ndio hao hao waliomwonyesha Kanoni kwamba kanisa ni la kuazima. Kilicholiokoa ni ule ugomvi aliokuwa nao bure siku zote. Alikuwa amelipa kwa kitu ambacho hakukihitaji, na muuzaji, kwa kukiri, alikuwa amemrudishia nusu kwa hiari, kitu ambacho katika biashara yake hakijawahi kutokea.

Wifi alikuwa bado mlangoni, anavaa viatu vyake vya kupandia kilima. Akasema, bila kupitia kwa mtu yeyote, kwamba Jumapili ijayo akina mama wa Juu wanapika.

"Njoo uonje kabla sijaipua," akasema.

Mama Viti akakipanga kiti cha mikono juu ya vingine, akakisukuma kuona kama kimesimama sawasawa.

"Nitakuja," akajibu. "Na sufuria yangu."