Bega Alilolificha Asteria

Saa mbili asubuhi, katika ghala la pamba la Mhunze, wilayani Kishapu, Asteria Ngusa anaburuta gunia hadi kwenye mizani. Anatumia mkono wa kushoto. Wa kulia, ulioiwakilisha Tanzania kwenye kriketi kwa miaka saba, haupandi kupita bega.

"Wakulima wageni hudhani naringa, maana nawapungia kwa kushoto," anasema karani huyo mwenye umri wa miaka 39, akicheka.

Kriketi aliikuta sekondari, mjini Shinyanga. Kijijini alizoea kufukuza ndege kwa mawe kwenye shamba la mtama. Mwalimu aliuona mkono huo, akamkabidhi mpira. Baadaye akawa mrushaji tegemeo wa timu ya taifa.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa ugenini, mwaka 2016. Bega lilikuwa limemuuma wiki tatu. Hakumwambia mtu.

"Ningeachwa. Nilijua nikikaa benchi siku moja, nafasi imekwenda."

Katika ova ya mwisho, yaani mirusho sita ya kufunga mechi, wapinzani walihitaji mikimbio minne tu. Nahodha, Martina Herman, alimpa mpira. Mrusho wa pili, kitu kilichanika begani. Wa tatu ulitoka bila nguvu, mpigaji akaupeleka nje ya mpaka na kupata mikimbio yote minne. Tanzania ikatolewa mashindanoni.

Wenzake walilia. Yeye aliwaambia mpira umemteleza.

Aliishi na uongo huo miaka tisa. Mwaka jana alishindwa kuubeba zaidi, akapanda basi hadi Buseresere, ambako Martina anauza vitenge. Akamweleza yote.

"Aliendelea kukunja kitenge. Kisha akasema, 'Asteria, asubuhi ile nilikuona ukivaa jezi kwa mkono mmoja. Nilijua. Nikakupa mpira hivyo hivyo, sikuwa na mwingine wa kumwamini.'"

Anafuta macho. "Tulilia pale dukani, wateja wakadhani tumefiwa."

Siku hizi, kila Jumamosi, Asteria anafundisha wasichana 14 kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kabla ya kugusa mpira, kila mmoja hueleza kama kuna mahali panamuuma. Anayesema ukweli hapotezi nafasi yake.

Lakini kuwaonyesha mrusho hawezi. Anaeleza kwa maneno, nao wanakosea. Ndiyo maana mwezi ujao Martina atafunga duka wiki nzima, aje Mhunze.

"Yeye atarusha, mimi nitaeleza," anasema Asteria. "Nataka mmoja wao afike timu ya taifa. Na siku akiumia aseme, apumzike, na bado aitwe tena."